Mvua ya Septemba

Tulikuwa barazani tunabangua korosho, mimi na babake, zile zilizogoma kupita ghalani. Umeme ulikatika tangu magharibi. Mikono tumeipaka jivu maana mafuta ya ganda hayana huruma, na simu yangu tumeiegemeza kwenye sufuria itumulikie. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Kubangua ni kazi ya kimya. Ukipiga soga unapiga kidole.

Akauliza bila kuinua kichwa: "Hivi usiku ule alipozaliwa, alilia papo hapo?"

Miaka minane na nusu tuliishi na mtoto yule, na hakuwahi kuuliza. Tangu tumzike ndiyo kabisa.

Nikajibu upesi, kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikasema ndiyo, alilia palepale, kwa nguvu, na mvua ilikuwa inapiga bati mpaka sista akalazimika kupaza sauti ili nimsikie.

Jiwe likabaki hewani mkononi mwake.

"Mvua? Septemba?"

(Jina la mwanangu sitaliandika. Babake kaniomba, na katika miaka yote ya blogu hii hajawahi kuniomba jingine.)

## Mwezi wa vumbi

Wa huku mnajua. Septemba Mtwara ni vumbi. Korosho za kwanza zinaanza kudondoka, watu wanafagia chini ya mikorosho, na wingu likipita ni mapambo tu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: inaanza Novemba au Desemba, ikijivuta inafika Aprili. Babake ni mtoto wa shamba. Hawezi kuachia mvua ya Septemba ipite hivihivi.

Na tarehe haina ubishi, kadi ya kliniki ninayo. Septemba 2013, mwaka wa vurugu za gesi, watu wakipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Tarehe 22 Mei, siku bajeti ya nishati iliposomwa bungeni na mji ukawaka, nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilijilaza chini ya kitanda, khanga iliyoloweshwa maji usoni kwa ajili ya moshi wa mabomu ya machozi, namwambia aliyemo tumboni atulie. Hakutulia. Siku ile alicheza kuliko siku zote.

Basi mvua imetoka wapi?

Jibu la kwanza lililonijia lilininyima usingizi. Tulimzika Machi 2022. Malaria ilimpanda kichwani, siku nne, na sitaandika zaidi ya hapo. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa zaidi na malaria nchini, kwa hiyo wengi mnaosoma hapa mnazijua siku nne za namna ile. Siku ya maziko mvua ilianza adhuhuri. Ilipiga bati mpaka shehe aliyekuwa akisoma dua akalazimika kupaza sauti.

Umeona?

Akalazimika kupaza sauti. Maneno yaleyale.

Nikawaza: mvua ya msiba imehama. Imeondoka Machi, imerudi nyuma miaka minane, imeingia leba usiku ule ikajikalia kama mwenyeji, na mimi naisimulia bila kujua. Na kama mvua si ya kweli, kilio je? Ile harufu ya dawa, yule sista mwenye sauti nzito, kile kichwa chenye nywele zilizogandamana, vyote hivyo nilivipata usiku ule au nimejitengenezea baadaye, usiku mmoja mmoja, nikiwa nimelala macho?

Nilijua kifo kimechukua mbele. Sikuwa nimewaza kwamba kinaweza kurudi kuchukua na nyuma.

## Habari isiyo na mwulizaji

Waliokuja tangani waliuliza alivyoumwa. Ndivyo ilivyo, na si vibaya. Mtu akikaa mkekani kando yako lazima aanzie mahali. Ilianzaje? Mlimpeleka siku ya ngapi? Walimpa dripu? Nimezisimulia zile siku nne mara nyingi mpaka zimelainika kama mpini wa jembe la zamani.

Alivyozaliwa hakuniuliza mtu. Hata mimi sikuwa nimejiuliza.

Aliyekuwepo nami usiku ule ni shangazi. Babake alikuwa upande wa Kilwa kwenye kibarua cha njia ya bomba la gesi. Ndiyo, gesi ileile. Mei tunaililia, Septemba inatulisha. Wa huku hamtashangaa. Simu yake ilikuwa haina chaji, habari alizipata kesho yake mchana kwa simu ya mwenzie. Na hata angekuwa mjini angeishia getini. Kuzaa ni kwa wanawake.

Ninachokumbuka, au nilichodhani nakumbuka: bajaji, kila shimo la barabarani nikilihesabu kwa mgongo. Shangazi kakumbatia beseni lenye nyembe, glovu, mpira, uzi na khanga tatu kuukuu zilizofuliwa mpaka zikawa pamba. Sakafu baridi. Mwenzangu kitanda cha pili anamwita mama yake kwa Kimakonde. Mimi sikuita mtu; tulishafundishwa unyagoni kwamba kelele zinamrudisha mtoto nyuma, na ujinga ule nilikuwa nauamini bado. Nikauma pindo la khanga. Halafu mvua. Halafu sista anasema kwa sauti kubwa, "Ni mwanamume!" Halafu giza, kwa sababu nilizimia.

Hiyo tu. Ukiipima haijazi kibaba. Ila ilikuwa yangu, na sasa nilikuwa siiamini.

## Chini ya mwembe

Nilivumilia wiki mbili, ya tatu nikapanda gari la Newala. Kwenye simu shangazi hasikii vizuri, na mambo mengine huwezi kumwuliza mtu mzima kwa simu, ni utovu wa adabu.

Nilimkuta anamenya ming'oko uani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda na kisu cha pili kabla hajauliza nimefuata nini. Huyo ndiye shangazi yangu. Tukamenya. Nilipofika kwenye mvua akacheka.

"Mvua gani? Mwanangu, ulikuwa umelewa uchungu. Mimi nililala nje chini ya mwembe wa pale hospitali, khanga moja chini, moja juu. Ingenyesha ningelala pale?"

Nikasema labda ilinyesha kidogo.

"Haikunyesha hata ya kulowesha kuku."

Na kilio? Hapo akaacha kumenya. Akasema alisikia kilio, alisikia vilio, usiku ule walizaliwa wengi. Cha wa kwangu kilikuwa kipi, Mungu ndiye ajuaye. Alikuja kumwona asubuhi alipoleta uji wa pilipili manga, na mtoto alikuwa amelala, "kanuna kama mzee aliyenyimwa ugoro."

Hilo la kununa sikuwa nalo. Nikaliweka.

Njiani kurudi, gari likiteremka kutoka uwandani, nilijisikia mpumbavu. Mwanamke mzima nauli nimetoa, siku mbili nimeacha biashara, eti natafuta mvua. Nikaamua yaishe. Mwambie babake ulichanganya, nikajiambia, kumbukumbu si cheti cha kuzaliwa.

Yangeisha kweli kama nisingefika nyumbani nikaitoa ile kadi.

## Sita na tisa

Kadi ya kliniki nilikuwa sijaifungua tangu msiba. Nilijua kilo zake mbili na nukta nane, nilijua chanjo zote. Lakini palikuwa na mstari mmoja wenye tarakimu mbili ambao kwa miaka yote ile niliupita kama unavyopita kibao cha barabarani kisichokuhusu. Sita, mkwaju, tisa.

Na pembeni, saini.

Saini ile ilikuwa inasomeka. Mji wetu si mkubwa. Baada ya kuuliza watu watatu nikaambiwa mwenye saini alishastaafu, yuko Mikindani, anafuga bata. Hospitali sitaitaja, haina kosa lolote, na yeye pia simtaji.

Nilimkuta kafunga kitambaa kichwani, anawapigia bata kelele. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, angalia usikanyage." Ile sauti! Nzito, ya mtu aliyezoea kuamrisha. Moyo ukanidunda. Basi sauti ilikuwa ya kweli.

Nikajieleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia ukweli ambao hata leo namshukuru kwa kutoupamba:

"Pole sana mwanangu. Lakini nisikudanganye. Nimepokea watoto wengi mno. Wa kwako simkumbuki."

Nilitikisa kichwa kama vile nilikuwa nimelitegemea. Sikuwa nimelitegemea. Nilikuwa nimejijengea njia nzima kwamba ipo sehemu moja duniani, nje ya kichwa changu, ambako zile dakika zimehifadhiwa, na sehemu yenyewe inafuga bata.

Akaomba kadi. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hizi ndizo alama za Apgar," akasema. Akanieleza huku akihesabu kwa vidole, na vidole vikatosha: rangi ya mwili, mapigo ya moyo, anavyoitika ukimgusa, nguvu ya viungo, na pumzi. Kila kimoja sifuri mpaka mbili. Unampima dakika ya kwanza, unampima tena ya tano. "Tisa hii ya dakika ya tano ni nzuri. Alikuwa mzima kabisa. Hii sita..."

Akanyamaza kidogo.

"Hakulia papo hapo. Anayelia papo hapo hapewi sita. Huyu alichelewa kuvuta pumzi. Tunamkausha, tunamsugua mgongo kwa khanga, tunasubiri kidogo, tunasugua tena. Wengi wanaanza wenyewe kabla hatujafika kwenye kumpumulia."

Nikamwuliza alichelewa kiasi gani.

"Haikufika dakika, maana kufikia ya kwanza alishapata sita. Nusu dakika hivi. Kwa saa si kitu. Ukiwa umemshika mkononi ni safari."

Kwa hiyo nilikuwa nimemdanganya babake. Mvua hakuna, na kilio nilichomwambia hakikuwepo. Nikaanza kukunja kadi niage. Basi tu, kwa adabu, kama mtu anayetafuta neno la kumalizia mazungumzo, nikamwambia jinsi nilivyo mjinga, nimekuwa nikisimulia kwamba usiku ule ilinyesha mvua ya kupiga bati.

Akageuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Septemba ya mwaka gani umesema?"

## Hukuniuliza maji

Sista hawakumbuki wazazi, ila maji anayakumbuka. Mwezi ule pampu iliungua. Walikaa zaidi ya wiki bila tone, wodi ya wazazi, hebu fikiria. Kila mama anayeletwa anaambiwa ndugu zake waje na dumu la lita ishirini. Wanafua kwa vikombe, wanadeki kwa kuomba Mungu. Halafu usiku mmoja, saa nane hivi, maji yakarudi kwa nguvu, na aliyefungua koki mchana kujaribu hakuifunga. Simtanki lililokuwa juu ya mnara likajaa, likafurika, maji yakamwagikia juu ya bati la wodi.

"Yalipiga kama mvua ya masika. Tukakimbilia ndoo, hakuna hata aliyewaza kufunga. Na mimi siwezi kukimbia, niko na mzazi." Akacheka peke yake. "Nilikuwa napiga kelele watu wachote, wachote, wasiache yapotee!"

Ndiyo sauti aliyoipaza.

Kama yule mzazi nilikuwa mimi, hajui. Anakumbuka kwamba alikuwa na mmoja aliyevuja damu kuliko kawaida, wakamchoma sindano ya pili ya kukaza mji wa mimba, wakamfinya tumbo mpaka likawa gumu kama chungwa. Lakini inaweza kuwa usiku ule au wa jirani yake. Saa iliyoandikwa kwenye kadi ni saa nane na dakika kumi usiku. Hatukuweza kwenda mbali zaidi ya hapo, tukakubaliana kutokwenda.

Nikiwa bado nimesimama pale kwa bata nikampigia shangazi. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Shangazi, ulibeba dumu siku ile?

"Dumu? Nililibeba toka nyumbani, mkono uliniuma wiki nzima!"

Na usiku maji yakamwagika kutoka kwenye tangi?

"Aa, yale! Niliyachota nikanawa miguu, nikaogea kabisa."

Sasa mbona hukuniambia?

"Wewe uliniuliza mvua," akasema shangazi. "Hukuniuliza maji."

Niliporudi nilishuka kwenye daladala mapema nikatembea. Nilitaka kufurahi kwanza, peke yangu. Machi haikuiba kitu. Sikio langu lilisikia kilichokuwepo, ni jina tu nililolikosea.

Nilipofika karibu na nyumbani ndipo la pili likanifikia, na nilisimama njiani.

Kwa nini niliyasikia maji vizuri hivyo? Kwa nini katika usiku wote ule, wenye watu, vilio, ndoo na kelele, kitu kilichobaki wazi kuliko vyote ni maji kwenye bati?

Ni kwa sababu nilikuwa nimetega sikio.

Nilikuwa nasubiri alie. Nusu dakika nzima nilikuwa nasubiri, na wakati huo hakukuwa na sauti yake, kulikuwa na maji. Sikukumbuka kimya chake kwa sababu kilikuwa kimejaa maji tele.

## Alipopokelewa

Babake nilimsimulia siku ya pili, palepale barazani, jivu mikononi. Nikampangia kama ilivyokuwa: maji, kisha kimya, kisha kilio. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Walimsugua na nini?"

Nikaenda kuitoa khanga. Imepauka, jina lake unalisoma kwa sababu unalijua: Mgeni njoo mwenyeji apone. Akaishika pindo kwa vidole viwili ili asiitie jivu. Hakuikunjua.

Nikakaa. Na mimi nilikuwa na la kwangu, na sikujua kama ninaruhusiwa. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Walimchukua mvua ikinyesha, wakarudi mvua ikinyesha, miguu yao ina matope mekundu mpaka magotini, na mimi nilikuwa ndani. Nililoliona ni mlango. Aliyekuwepo ni yeye, kama ambavyo leba nilikuwepo mimi. Miaka miwili na zaidi kila mmoja amekaa na ncha yake.

Nikasema, "Ulimpokea wewe?"

Alijua ninauliza wapi.

"Mimi na mjomba wake. Lakini aliyemweka mwanandani ni mimi."

Mwanandani. Neno hili ninalo tangu utotoni, kila mtu wa pwani analo: ule ubavu wa kaburi unaochimbwa upande wa kibla, analazwa humo. Nilikuwa nalijua na sijawahi kulisikia. Nililisikia usiku ule, kipande kimoja, kisha kipande cha pili. Sikumwambia kitu. Nikachukua korosho, nikaipiga jiwe, ikapasuka vibaya.

Akaendelea mwenyewe. Akasema maji yalikuwa yameanza kuingia, juu wanamhimiza afanye haraka. Akasema hakufanya haraka. Kwenye ukuta wa ndani palikuwa na mzizi wa mkorosho, jembe liliukata nusu, umechomoza palepale ambapo bega la mtoto lingegusa. Akaupindisha ukarudi. Akaupindisha tena ukarudi. Juu wanamwita. Akaunyonga kwa mkono, akaunyonga, mpaka ukakatika, na akapapasa ukuta ahakikishe pamekuwa laini, ndipo akanyoosha mikono apewe.

Nikamwuliza ulikuwa mnene kiasi gani.

Akafuta jivu kwenye kidole chake cha mwisho, akanionyesha.